Hewa, Gesi na Oksijeni: Istilahi za Utunzaji wa Mitungi na Geji za Kuchomelea katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu utunzaji wa mitungi, vidhibiti na geji zinazotumika katika uchomeleaji wa vyuma kwa oksijeni na asetilini. Hoja kuu ni kwamba katika taaluma hii utata wa maana si suala la umbuji wa lugha tu, bali ni suala la usalama wa fundi. Makala yanaonyesha sehemu tatu ambamo utata huo hujitokeza: majina ya gesi, vitenzi vya kufunga na kufungua, na maneno yanayohusu usomaji wa geji. Mwishoni yanatoa mapendekezo ya istilahi kwa kuzingatia usahihi, uangavu, mfumo na ukubalifu.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili umeelekezwa zaidi katika taaluma zinazofundishwa madarasani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni mfano mzuri wa juhudi hizo. Stadi za karakana, kwa upande mwingine, zimeachwa zijitafutie maneno yake zenyewe. Fundi wa kuchomelea, awe katika chuo cha ufundi au chini ya jua kali, hujifunza kazi kwa kutazama na kusikiliza. Anachosikia ni Kiswahili kilichochanganyika na maneno yaliyotoholewa, na aghalabu kinamtosha.

Swali linaloulizwa hapa ni kama kinamtosha pale ambapo kosa moja la kuelewa linaweza kumuua. Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na shinikizo la kati ya bar 150 na 200, kutegemea aina yake. Mwali wa oksijeni na asetilini hufikia joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi. Katika mazingira hayo, agizo lenye maana mbili ni hatari kama mpira wenye ufa.

Makala haya hayaripoti utafiti wa uwandani. Yanachambua maneno yanayofahamika kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, na kuyalinganisha na taratibu za utunzaji wa vifaa hivyo kama zinavyokubalika katika taaluma ya uchomeleaji.

2.0 Vifaa na Majina Yake

Ni vyema kwanza kuvieleza vifaa vyenyewe. Chombo kinachohifadhi gesi huitwa mtungi. Neno hili limepanuliwa maana kutoka chombo cha udongo cha kuwekea maji, na upanuzi huo umekubalika kabisa. Hakuna anayesikia mtungi wa gesi akafikiria udongo. Neno tangi halifai kwa dhana hii kwa sababu limezoeleka kwa vyombo vya maji na mafuta, ambavyo kwa kawaida havibebi shinikizo kubwa. Silinda nalo lina kazi nyingine katika injini za magari. Kwa hiyo mtungi ndilo neno lenye usahihi zaidi, na lina faida ya kuwa tayari limo vinywani mwa watu.

Hata hivyo, mitungi miwili ya mchomeleaji haifanani kwa ndani. Wa oksijeni una gesi tupu iliyoshindiliwa. Wa asetilini umejazwa dutu yenye vinyweleo iliyoloweshwa asetoni, na asetilini imeyeyushwa ndani ya asetoni hiyo. Sababu ni kwamba asetilini iliyo huru ikishindiliwa kupita kiasi huweza kuvunjika yenyewe na kulipuka, hata pasipo hewa. Umuhimu wa jambo hili unadhihirishwa na historia ya Gustaf Dalén wa Sweden, aliyeendeleza dutu ya kuhifadhia asetilini kwa usalama. Alipofuka kutokana na mlipuko mwaka 1912, mwaka huohuo alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Tofauti hii ndiyo msingi wa agizo kwamba mtungi wa asetilini usitumiwe ukiwa umelazwa. Ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi, huharibu sili za kidhibiti, na mtungi hubaki na upungufu wa kiyeyushi. Ukiwa umesafirishwa kwa kulazwa, husimamishwa na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kutumiwa. Vivyo hivyo gesi yake haitolewi kwa kasi. Kanuni iliyozoeleka ni kutozidi sehemu moja ya saba ya ujazo kwa saa, na siku hizi miongozo mingine hushauri sehemu moja ya kumi. Fundi anayeuelewa mtungi wa asetilini kama chupa yenye upepo hawezi kuona mantiki ya maagizo haya. Atayatii bwana mkubwa akiwapo, na kuyaacha akiondoka.

Kifaa kinachofungwa juu ya mtungi ili kupunguza shinikizo huitwa regulata na mafundi wengi, na hubeba geji mbili: moja huonyesha shinikizo lililomo mtungini, nyingine shinikizo linalokwenda kwenye mpira na tochi. Ndani ya geji ya kawaida mna bomba jembamba lililopinda, ambalo hujinyoosha kidogo shinikizo linapopanda na kuusukuma mshale. Ubunifu huu ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, wa mwaka 1849. Bomba hilo ni laini, nalo huumia kwa kuangushwa au kwa kupigwa na shinikizo la ghafla.

Aghalabu kifaa kizima, yaani kidhibiti pamoja na geji zake, huitwa geji tu. Hapa sehemu imelipa jina zima. Kisemantiki jambo hili ni la kawaida. Kiutunzaji lina tatizo, maana anayeambiwa "geji ni mbovu" hajui kama mshale umekwama au kama kiti cha vali ndani ya kidhibiti kimeliwa. Kasoro ya kwanza hudanganya macho. Ya pili huruhusu shinikizo la mtungini kupenya polepole hadi kwenye mpira hata tochi ikiwa imefungwa, na dalili yake ni mshale wa geji ya pili unaopanda wenyewe. Kidhibiti cha namna hiyo kinapaswa kuondolewa kazini mara moja.

3.0 Majina ya Gesi

3.1 Hewa

Katika Kiswahili cha magazeti na redio ni jambo la kawaida kusikia hewa ya oksijeni. Msemaji anaongozwa na haja ya kufafanua neno geni kwa neno linalojulikana. Mbinu hii ina manufaa katika mawasiliano ya jumla, lakini katika karakana inaficha tofauti ambayo haipaswi kufichwa. Hewa ina takriban asilimia 21 tu ya oksijeni. Ongezeko la asilimia chache juu ya kiwango hicho linatosha kuifanya nguo ya kawaida iwake kwa kasi isiyotarajiwa.

Tazama mifano ifuatayo:

(1) Jipulizie hewa utoe vumbi.
(2) Fungulia hewa kidogo humu ndani, pana joto.

Katika karakana yenye kompresa, sentensi hizi zinahusu upepo ulioshindiliwa. Katika karakana ambamo mtungi wa oksijeni nao huitwa wa hewa, mwanagenzi anaweza kuufungua huo. Nguo zake zitalowa oksijeni pasipo yeye kujua, kwa kuwa gesi hii haina rangi wala harufu. Cheche moja inatosha.

Si Kiswahili pekee kilichokabiliwa na tatizo hili. Kiwango cha usalama cha Marekani kijulikanacho kama ANSI Z49.1 kinaagiza kwamba oksijeni na gesi za kuwaka ziitwe kwa majina yake halisi, na kwamba oksijeni isiitwe hewa. Kwa mwanaisimu, hili ni jambo la kutafakari. Wahandisi, ambao kwa kawaida huhangaika na vipimo vya chuma, waliona ni lazima waweke kanuni ya semantiki ndani ya kanuni za usalama.

3.2 Gesi

Neno gesi katika maana ya kisayansi hujumuisha oksijeni. Katika matumizi ya kila siku, mtungi wa gesi ni ule wa kupikia. Kwa hiyo neno limebanwa maana na kuwa gesi inayowaka. Matokeo yake ni kwamba agizo "angalia kama gesi inavuja" huchukuliwa kuwa ni la kunusa. Asetilini ya viwandani hunuka mithili ya kitunguu saumu, hivyo pua husaidia. Kwa oksijeni pua haina msaada wowote. Uvujaji wake hutafutwa kwa maji ya sabuni isiyo na mafuta na kwa kutazama kama mshale wa geji unashuka baada ya mtungi kufungwa. Agizo lililo sahihi linapaswa kutaja gesi zote mbili kwa majina yake, na kutaja njia ya uchunguzi badala ya kuiacha idhaniwe.

3.3 Rangi badala ya majina

Pale jina linapokosekana, rangi hushika nafasi yake. Katika utaratibu wa zamani wa Uingereza, mtungi wa oksijeni ulikuwa mweusi na wa asetilini rangi ya damu ya mzee. Kiwango cha Ulaya EN 1089-3 huweka bega jeupe kwa oksijeni, na hubakiza damu ya mzee kwa asetilini. Nchini Marekani oksijeni ya viwandani mara nyingi huwa katika mtungi wa kijani, lakini si kwa sharti. Mipira nayo ina rangi zake: nyekundu kwa asetilini, na kwa oksijeni buluu katika kiwango cha kimataifa au kijani Marekani.

Utata wa kilugha huingia hapa pia. Wasemaji wengi huiita damu ya mzee nyekundu tu. Lakini bega jekundu katika utaratibu wa Ulaya ni la haidrojeni. Ndiyo maana taaluma ya usalama inasisitiza kwamba utambulisho wa msingi wa mtungi ni lebo iliyoandikwa, wala si rangi. Lebo isiyosomeka humfanya mtungi kuwa hauna jina, na mtungi usio na jina haustahili kutumika.

4.0 Vitenzi: Kufunga, Kufungua, Kukaza, Kulegeza

Jozi funga na fungua ni mfano maarufu wa kauli ya kutendua katika mofolojia ya Kiswahili. Kiambishi -u- hubatilisha tendo la mzizi. Tatizo ni kwamba mzizi wenyewe una maana kadhaa. Kufunga ni kuziba njia, na pia ni kuunganisha kitu na kingine. Kufungua ni kuachia njia, na pia ni kutenganisha. Hivyo:

(3) Fungua mtungi. (Achia vali)
(4) Fungua geji. (Iondoe mtungini)
(5) Funga geji. (Iunganishe na mtungi, au izuie isipitishe)

Sentensi ya (5) ina tafsiri mbili zinazopingana kimatokeo. Muktadha husaidia mara nyingi, lakini fundi anayepigiwa kelele kutoka upande wa pili wa karakana wakati mpira unawaka hana muda wa muktadha.

Utata huu huongezeka kwa sababu ya umbo la kifaa chenyewe. Vali ya mtungi hufungwa kwa kuizungusha kuume, yaani kwa kuikaza. Skrubu ya kidhibiti hufanya kinyume: ikikazwa, shinikizo hupanda na gesi hupita, ikilegezwa mpaka ichezecheze, njia hufungwa. Kwa hiyo kwenye vali kukaza ni kufunga, na kwenye kidhibiti kukaza ni kufungua. Msemaji anayelinganisha funga na kaza, kama wafanyavyo wengi kwa bomba la maji, atakikaza kidhibiti akidhani amekifunga. Kisha akifungulia mtungi, shinikizo lote la bar 150 au zaidi litapiga kiwambo na geji kwa ghafla. Mshale hupinda, kioo huweza kuruka, na katika oksijeni mshindilio wa ghafla huzalisha joto linaloweza kuwasha uchafu uliomo ndani.

Hii ndiyo sababu ya utaratibu wa siku zote: skrubu ya kidhibiti hulegezwa kwanza, fundi husimama pembeni, si mbele ya uso wa geji, vali huachiwa polepole. Ya oksijeni hufunguliwa hadi mwisho ili sili yake ya juu izibe. Ya asetilini haifunguliwi zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, na mara nyingi robo tatu ya mzunguko hutosha, ili iweze kufungwa haraka pakitokea hatari.

Jambo jingine ni mwelekeo wa nyuzi za nati. Nati za gesi zinazowaka hukazwa kwa kushoto na huwa na mikato pembeni. Za oksijeni hukazwa kwa kulia. Mpangilio huu umewekwa makusudi ili vifaa visibadilishane. Mafundi wanaposema "nati imegoma" na kuchukua spana ndefu zaidi, huenda nati haikugoma bali imekataa kosa.

5.0 Kutunza na Kupaka Mafuta

Dhana ya kutunza mashine katika jamii ya waswahili wa leo imejengwa na baiskeli, cherehani na gari. Vyote hivyo hutunzwa kwa mafuta na grisi. Nati ikikaza, hutiwa mafuta. Ikilia, hutiwa mafuta. Kwa hiyo tangazo linalosema "tunza vifaa vyako" pasipo ufafanuzi linaweza kumwelekeza mtu mwangalifu kwenye kosa kubwa kuliko la mzembe. Mafuta au grisi ikikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka yenyewe kwa nguvu ya mlipuko. Geji, vali na nati za oksijeni hazipakwi mafuta ya aina yoyote, wala haziguswi kwa mikono au glovu zenye mafuta. Husafishwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Kadhalika neno tengeneza hubeba maana za kuunda, kurekebisha na kukarabati. Sentensi ya kutendwa kama "geji mbovu itengenezwe" haimtaji mtenda, na mtenda ndiye kiini cha jambo. Ukarabati wa ndani wa kidhibiti ni kazi ya aliyefunzwa na mwenye vipuri vinavyofaa. Kwa mfano, kipuri cha asetilini kilichobadilishwa kwa bomba la shaba tupu huweza kufanya kampaundi inayolipuka kwa kuguswa tu. Agizo bora ni lenye mtenda: "Usiifungue geji mwenyewe, mpelekee fundi wa vidhibiti." Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta inafaa katika kila utunzaji, lakini katika kifaa hiki ni lazima iongezewe swali la nani anaziba, na kwa nini.

6.0 Kusoma Geji

Dhana ya nguvu juu ya eneo ina majina matatu katika Kiswahili: kanieneo katika fizikia, shinikizo katika maandishi ya jumla na ya tiba, na presha katika karakana. Neno kanieneo lina uangavu mkubwa kwa mwanafunzi wa sayansi. Presha lina ukubalifu mkubwa kwa fundi. Sinonimia hii si hatari yenyewe, mradi kila maandishi yachague moja na kulishikilia.

Hatari iko katika vizio. Asetilini haipaswi kutolewa kwa shinikizo linalozidi psi 15, ambayo ni takriban bar 1 tu. Geji nyingi za asetilini huwa na alama nyekundu kuanzia hapo. Lakini geji hutoka nchi mbalimbali. Nyingine husomwa kwa psi, nyingine kwa bar, nyingine kwa kilopaskali. Fundi aliyekariri "usizidishe kumi na tano" pasipo kizio, akikutana na geji ya bar, amekariri kifo. Katika mazungumzo ya Kiswahili vizio huachwa mara nyingi kwa kuwa hueleweka. Hapa kuviacha kunapaswa kuhesabiwa kuwa kosa la lugha.

Neno la mwisho la kujadiliwa ni kwisha. Mtungi umekwisha humaanisha kwamba hauwezi tena kufanya kazi. Haimaanishi kwamba ni mtupu. Mshale ukiwa sifuri, gesi iliyomo imelingana tu na shinikizo la nje. Mtungi "uliokwisha" wa asetilini bado una gesi ndani ya asetoni, na jua likiupasha huanza kutoa tena. Kwa hiyo vali hufungwa, kifuniko hurudishwa, na mtungi hufungwa mnyororo ukiwa wima kama uliojaa. Mitungi ya oksijeni hutengwa na ile ya asetilini. Kanuni za Marekani hutaka umbali wa mita 6, au ukuta usioshika moto wenye kimo cha mita 1.5.

7.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia mjadala uliotangulia, inapendekezwa kama ifuatavyo:

(a) Oksijeni na asetilini zitajwe kwa majina hayo. Hewa libaki kwa hewa ya kawaida na ile ya kompresa. Gesi litumike kama jina la jumla tu.

(b) Kidhibiti litumike kwa kifaa kizima, likiundwa kwa kiambishi ki- cha ala kama ilivyo kizibo na kifuniko. Regulata likubaliwe kuwa kisawe chake cha karakana. Geji libaki kwa chombo chenye mshale pekee. Kipimo halifai mahali hapa, kwa kuwa humaanisha pia kiasi kilichopimwa.

(c) Kwa vali ya mtungi zitumike funga na fungua. Kwa skrubu ya kidhibiti zitumike kaza na legeza tu. Kwa kuunganisha na kutenganisha zitumike pachika na pachua, ambazo nazo zimo katika kauli ya kutendua na hazina utata.

(d) Kifaa kinachozuia mwali usirudi mpirani na mtungini kiitwe kizuia mwali. Kifaa kisicho na jina la Kiswahili ni rahisi kusahauliwa wakati wa kununua.

(e) Kila namba ya shinikizo iandikwe na itamkwe pamoja na kizio chake.

(f) Maagizo ya utunzaji yataje mtenda, na yaseme waziwazi kwamba mafuta na grisi hayatumiki.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuelezea utunzaji wa mitungi na geji. Maneno yapo, na mengi ni mazuri. Kinachokosekana ni mgawanyo wa kazi baina yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamdai mwajiri ampe mfanyakazi maelezo na mafunzo ya kumlinda. Maelezo yasiyoeleweka kwa namna moja tu hayajatolewa, hata yakibandikwa ukutani.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Zipo ajali za namna hiyo. Lakini ile inayotokana na oksijeni kuitwa hewa, au na kidhibiti kukazwa na mtu aliyeambiwa akifunge, ina kinga, na sehemu ya kinga hiyo imo mikononi mwa wanaisimu. Uchunguzi zaidi unahitajika katika karakana zenyewe, mafundi wakiwa washiriki wa kazi ya istilahi na si wapokeaji wake tu, kwa kuwa wao ndio watakaoyatamka maneno hayo mbele ya mwali.